Mzee Lear Mteremkoni mwa Meru: Deni la Hadithi ya Kuazima

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mabaraza ya wapenzi wa fasihi, hasa panapozuka hoja juu ya sanaa za kigeni na nafasi yake katika utamaduni wa taifa letu. Nasi, ambao tumetumia miaka mingi kuandika mihtasari ya serikali mchana na kutunga mashairi usiku, tumeisikia ikisemwa kwa ukali na tumeisikia ikisemwa kwa mzaha. Katika makala haya tunakusudia kuipima. Swali letu ni hili: je, hadithi ya msiba iliyotungwa na Mwingereza kwa ajili ya jukwaa la London, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, yaweza kuwa mali halali ya Mjapani? Na kama yaweza kuwa ya Mjapani, yaweza pia kuwa ya mkulima wa kahawa na migomba akaaye katika mteremko wa Mlima Meru? Na ikiwa yaweza, huyo mwazimaji anapaswa kulipa nini?

Wako wanaojibu upesi kwamba haiwezi. Hao husema kwamba Shakespeare alikuja kwetu pamoja na mkoloni, katika sanduku moja na bendera yake na kodi ya kichwa, na kwamba kumsoma ni kuendeleza kasumba. Wako na wengine wanaojibu upesi vile vile kwamba sanaa haina mipaka, kwamba binadamu ni yule yule popote alipo, na kwamba kuuliza swali kama letu ni ufinyu wa mawazo. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yanakimbia kazi. La kwanza linaukataa mkopo bila kuutazama. La pili linauchukua bila kufikiri habari ya kuulipa. Twamwomba msomaji, awe mwalimu au mwanafunzi, atufuate polepole. Tutaanzia mbali, Japani, ndipo turudi nyumbani Arusha.

Akira Kurosawa, mtengenezaji mashuhuri wa filamu wa Japani, alizaliwa mwaka 1910 na kufariki mwaka 1998. Aliazima tanzia za Shakespeare zaidi ya mara moja. Mwaka 1957 alitoa filamu iliyojengwa juu ya kisa cha Macbeth, ambayo jina lake la Kijapani lina maana ya ngome ya utando wa buibui. Mwaka 1960 alitoa nyingine yenye mwangwi wa Hamlet, ambamo kijana anatafuta kulipa kisasi cha baba yake, si katika jumba la mfalme, bali miongoni mwa wakubwa wa shirika la umma walionenepa kwa rushwa ya zabuni. Na mwaka 1985, akiwa mzee wa miaka 75, alitoa Ran, neno lenye maana ya vurugu au machafuko, iliyojengwa juu ya kisa cha Mfalme Lear.

Tuitazame kidogo ile ya kwanza. Ngome ya filamu ile ilijengwa juu katika mteremko wa Mlima Fuji, mahali penye ukungu na udongo mweusi wa volkano. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima mwingine wa volkano, tuliozoea kuamka asubuhi tusione hata mti wa jirani kwa sababu ya ukungu, tuliitambua nchi ile mara moja. Maneno ya Shakespeare hayamo ndani yake. Macbeth ameondoka, na mahali pake yumo askari mkuu aitwaye Washizu. Wachawi watatu wameondoka, na mahali pao ameketi pepo mmoja msituni, akizungusha gurudumu la kusokotea uzi. Mkewe Washizu anatembea na kuketi kwa utulivu wa kutisha, kama waigizaji wa mchezo wa kale wa Kijapani uitwao Noh. Lakini badiliko kubwa liko mwishoni. Katika tamthilia ya Kiingereza, Macbeth anauawa na adui yake, mtu mwenye kisasi cha haki. Katika filamu ya Kurosawa, Washizu anauawa kwa mishale ya askari wake mwenyewe. Wale waliomfuata alipokuwa akipanda ndio wanaomchoma anapoporomoka.

Kwa nini abadili? Nchi yake ilikuwa imetoka vitani mwaka 1945, ikiwa imewafuata majemadari wake hadi kwenye majivu. Kwa watazamaji wa namna hiyo, swali la Shakespeare, yaani uovu wa mtu mmoja mwenye tamaa, halikutosha. Lilitakiwa swali la pili: na sisi tuliomfuata, je? Ndivyo sisi tunavyoisoma mishale ile.

Sasa tuje kwa Lear, ambaye ndiye mhusika wa makala haya. Kisa chenyewe ni kifupi kusimulia. Mfalme mzee anataka kupumzika. Ana mabinti watatu, Goneril, Regan na Cordelia, wala hana mtoto wa kiume. Anaamua kuwagawia nchi yake angali hai, na kabla ya kugawa anawataka kila mmoja aseme jinsi anavyompenda. Wawili wa kwanza wanamwaga asali ya maneno. Wa tatu, ampendaye kweli, anakataa kuupeleka upendo wake mnadani, naye ananyimwa fungu lake na kufukuzwa. Haupiti muda mrefu kabla wale wawili hawajamfungia baba yao mlango usiku wa tufani, akapagawa porini. Cordelia anarudi kumwokoa. Ananyongwa, na baba anakufa akiomboleza juu ya maiti yake.

Katika Ran, Kurosawa aliwageuza mabinti watatu kuwa wana wa kiume watatu, Taro, Jiro na Saburo. Katika historia ya mabwana wa vita wa Japani ya zamani, ngome hukabidhiwa wana wa kiume. Mfalme anayewagawia mabinti ngome tatu asingaliaminika. Mzee Hidetora anawapa wanawe mishale. Mshale mmoja unavunjika kwa urahisi; mitatu ikishikwa pamoja haivunjiki. Mtoto yeyote wa Kitanzania aliyefundishwa habari ya fimbo moja na mzigo wa fimbo ataitambua hekima hiyo. Lakini Saburo, mdogo wao, anaiweka mishale yote mitatu gotini na kuivunja. Baba amesema uongo juu ya umoja, na mwana amemwonyesha.

Hata hivyo, kubadili jinsia ya warithi sio jambo kubwa alilolifanya Kurosawa. Alieleza kwamba kilichomsumbua katika tamthilia ya Lear ni kuwa mfalme yule hana historia. Hatuambiwi aliupataje ufalme wake. Kurosawa akamwuliza mzee wake: ngome hizi unazozigawa kwa ukarimu, ulizipata wapi? Na jibu likawa la damu. Hidetora alizitwaa kwa kuua. Mke wa mwanawe wa kwanza, Kaede, ni binti wa ukoo alioufyeka, na ngome kuu wanayokaa ilikuwa ya baba yake Kaede. Mke wa mwanawe wa pili, Sué, naye wazazi wake waliuawa, na ndugu yake, Tsurumaru, alipofushwa macho. Kaede ndiye anayeiteketeza nyumba ya Hidetora kutoka ndani.

Hapa msomaji atie alama. Kurosawa aliwaondoa wanawake katika orodha ya warithi, kwa kuwa desturi ya wakati ule iliwaondoa. Lakini hakuwaacha nje. Waliotolewa kwa mlango wa mbele aliwaingiza kwa mlango wa nyuma, wakiwa na madai yao mkononi. Tutalirudia jambo hili.

Kabla ya kufika mlimani, yafaa tukumbuke kwamba hata Shakespeare mwenyewe alikuwa mwazimaji. Kisa cha Macbeth alikitoa katika vitabu vya tarehe vya watu waliomtangulia. Kisa cha Lear kilikuwa kimesimuliwa kwa karne nyingi, na tamthilia nyingine ya mfalme huyo ilipigwa chapa London mwaka 1605, kabla ya ile ya Shakespeare kutokea. Katika tamthilia ile ya zamani mambo yanakwisha kwa heri: mzee anarudishiwa kiti chake na binti yake mwema anaishi. Shakespeare alilichukua jambo hilo la faraja akalivunja, kama Saburo alivyoivunja mishale. Akauliza: na je, toba ikija imechelewa?

Basi tumekwisha kuliona jibu la sehemu moja ya swali letu. Hadithi ya kuazima haiwi yako kwa kuwa umeivika kanzu badala ya suruali, wala kwa kuwa umebadili majina ya watu na ya miji. Inakuwa yako pale unapoiuliza swali ambalo mwenyewe wa kwanza hakuliuliza, swali linalotoka nyumbani kwako, na ambalo linawauma watu wa nyumbani kwako. Swali hilo ndilo malipo ya deni.

Na sisi Watanzania tumelipa namna gani? Mkopo wetu si wa jana. Katika miaka ya 1860, Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa misheni ya Unguja, alichapisha kwa Kiswahili hadithi chache zilizotokana na tamthilia za Shakespeare, na kisa cha Lear kilikuwa miongoni mwake. Baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tanzia ya Kaizari, ikatoka mwaka 1963, kisha akaipiga msasa ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Ndugu Samuel Mushi naye alitupa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969.

Wengi husema kwamba kazi hizo zilikusudiwa kuonyesha kuwa Kiswahili chaweza kubeba mawazo mazito. Ni kweli, na kazi hiyo ilihitajika sana wakati ule. Lakini litazameni jina la Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza lamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu angaliweza kuandika mfanyabiashara, au tajiri, na hakuna ambaye angalimlaumu. Aliandika mabepari, tena kwa wingi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa tarehe 5 Februari 1967, baada ya kupitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU katika mji wetu huu, na neno bepari lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kwa neno moja tu mtafsiri aliiuliza tamthilia swali ambalo jina lake la Kiingereza halikuliuliza: si Shylock peke yake anayeishi kwa jasho la wengine, je, hao wenye merikebu? Mtu aweza kulipenda neno hilo au kulikataa. Lakini hawezi kusema kwamba Mwalimu alivaa nguo ya kuazima bila kuishona upya.

Atatokea mtu aseme: ya nini kuazima, na sisi tunayo misiba yetu? Mwaka huo huo wa 1969, Ebrahim Hussein alitupa Kinjeketile, tanzia ya Vita vya Maji Maji vya miaka ya 1905 hadi 1907. Hata hapa kwetu kaskazini hatukukosa. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya Kale, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na wa Arusha. Tunakubali kabisa kwamba misiba hiyo yangoja watunzi, na vijana wasomao makala haya tunawasihi waiendee. Lakini misiba hiyo ina sifa moja: mkosaji ndani yake ni mgeni. Hutufundisha kuomboleza, na hutufundisha ushujaa. Kwa nadra hutuuliza habari ya makosa yetu wenyewe. Kwa kazi hiyo, mara nyingine hadithi ya kuazima ni kioo bora kuliko ya nyumbani, kwa sababu tunaingia ndani yake bila kinga, tukidhani inawahusu wengine.

Nasi tuliingia hivyo hivyo. Tutasimulia lililotupata, ingawa halituletei sifa.

Baada ya kuitazama Ran, tulipata tamaa ya kutunga utenzi wa Mzee Lear wa mlimani. Tulidhani hakuna kisa cha kigeni kinachoweza kuota mizizi Meru kwa urahisi kuliko hiki. Mzee mwenye kihamba, akagawa kihamba chake angali hai, kisha akajuta: nani katika mteremko huu hajamwona? Katika utumishi wetu tumeandika mihtasari ya vikao vingi vya usuluhishi wa mashamba. Tumeona kihamba cha babu kikikatwa vipande vitatu, na vya baba vikikatwa vinne, hata mjukuu akabaki na migomba michache na mibuni inayohesabika kwa vidole. Tumeona wazee wakiketi juu ya gogo uani pa mwana mkubwa, wakingoja kuambiwa kama leo watakula huko au kwa mdogo wake. Tufani ya Lear hapa kwetu haina radi. Ni ukimya wa jioni, na sahani inayochelewa.

Basi tukaanza hivi:

Mzee wa mlimani
alikaa migombani
na watatu wa nyumbani
wanawe aliwalea.

Utenzi ulipofika beti sitini, mwalimu mmoja rafiki yetu alitualika tuusome mbele ya wanafunzi wake wa kidato cha tatu, katika shule iliyo mteremkoni. Tulisoma. Walisikiliza vizuri, na palipofika mahali pa mzee kufungiwa mlango, darasa lilinyamaza. Tulipomaliza, tukauliza kwa kujiamini swali ambalo tulidhani ni la kuanzia tu: hao watoto watatu wa mzee, ni wa kike au wa kiume?

Darasa zima lilijibu: wa kiume.

Tuliwaambia kwamba hatukusema hivyo mahali popote katika utenzi. Tuliandika wanawe, tuliandika watoto, tuliandika kitinda mimba. Wamejuaje? Msichana mmoja wa dawati la nyuma alisimama. Alituamkia kwanza, shikamoo mzee, kisha akasema: "Mzee, umesema anawagawia shamba."

Hakusema zaidi, akaketi. Wenzake walicheka kidogo, kwa kuwa waliona amejibu jambo lililo wazi. Sisi hatukucheka. Tulirudi mjini siku ile tukiwa tumenyamaza.

Kiswahili chetu kina neno mwana, ambalo halibagui mume na mke. Twajivunia jambo hilo, na twawaambia wageni kwamba lugha yetu ni ya usawa. Lakini siku ile tuliona kwamba neno lisilobagua laweza kuficha ubaguzi vizuri sana. Tulitwaa kisa cha baba aliyewagawia mabinti zake nchi, tukakipitisha katika neno mwana, na upande wa pili mabinti hawakutoka. Hatukuwafukuza. Walipotea njiani, na hatukuona pengo.

Tulijitetea kwanza kwa mfano wa Kurosawa. Yeye naye aliwageuza mabinti kuwa wana wa kiume, na dunia ikamsifu. Lakini utetezi huo haukusimama. Kurosawa alibadili akijua, akaandika juu ya nchi ya kale iliyokwisha kupita, na wanawake aliowatoa katika urithi aliwarudisha kama mashahidi wa dhuluma. Sisi tulibadili bila kujua, tukaandika juu ya nchi hii tunayoishi, na hatukumrudisha hata mmoja. Mjapani aliuliza: nchi hii uliipata wapi? Swali linalofaa kuulizwa hapa kwetu ni jingine: nchi hii ulimnyima nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mlima huu. Mashamba ya walowezi yaliwazunguka Wameru na Waarusha kwa chini, yakawabana wasipate pa kupanua vihamba vyao. Kisha mwezi Novemba 1951, serikali ya mkoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika nchi ya Engare Nanyuki ili nchi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akalisimamisha shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Hapana shaka kwamba sauti ile ilikuwa mojawapo ya sauti zilizotayarisha Uhuru wetu. Na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na kila binadamu: mtu hawezi kunyimwa ardhi aliyoilima na kuishi juu yake kwa sababu tu ya jinsi alivyozaliwa.

Je, hoja hiyo ikisimama New York, haisimami uani petu? Binti wa Kimeru, na wa Kiarusha, na wa makabila mengine mengi ya nchi hii, ameilima ardhi ya baba yake na kuipalilia kahawa yake. Ananyimwa fungu lake kwa sababu ya jinsi alivyozaliwa.

Tusiwe na haraka ya kuhukumu mila bila kuisikiliza. Wazee tuliowaandikia mihtasari hawakuwa wajinga wala wakatili. Walisema kwamba binti huolewa, naye hupata shamba kwa mumewe. Kwamba ukimgawia kihamba, kesho kitakuwa mikononi mwa ukoo mwingine. Kwamba makaburi ya mababu yamo ndani ya kihamba, na kaburi haliuzwi. Haya ni maneno ya watu waliokwisha kunyang'anywa nchi mara moja na wanaogopa kunyang'anywa mara ya pili. Mwenye kuidharau hofu hiyo haijui historia ya mlima huu.

Lakini tuyapime. Binti asiyeolewa, atapata shamba kwa nani? Aliyeachwa, akarudi na watoto mgongoni, atarudi wapi? Na mwana wa kiume anayekiuza kihamba kwa mtu wa mjini, kama tulivyokwisha kuandika katika mihtasari zaidi ya mara moja, makaburi ya mababu amemwachia nani? Hofu ya kuipoteza ardhi ni ya haki. Mahali ilipowekwa ndipo penye kosa.

Sheria ya nchi imepita njia ndefu katika jambo hili. Amri ya mwaka 1963 iliyoandika sheria za mila iliwaweka mabinti katika daraja ya tatu ya warithi. Mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake alikuwa na haki ile ile aliyonayo mwanamume. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ikatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Maneno hayo yamo katika karatasi. Lakini msichana wa dawati la nyuma, aliyezaliwa miaka mingi baada ya sheria hiyo, alijua bila kufundishwa na mtu kwamba watoto wanaogawiwa shamba ni wa kiume. Sheria hubadili hukumu. Kinachobadili yale ambayo mtu huyaona wazi kabla hajafikiri ni utamaduni, nao ndio kazi ya washairi na walimu.

Hapa ndipo Mzee Lear wa Kiingereza anapotufaa kwa namna ambayo wala mtunzi wake hakuifikiria. Lear ni mpumbavu, na tamthilia nzima haichoki kumwambia hivyo. Alipima upendo kwa maneno, akampoteza aliyempenda. Lakini mpumbavu huyo, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume, alifanya jambo moja ambalo wazee wetu wengi wenye busara hawajathubutu kulifanya: alikunjua ramani ya nchi yake mbele ya mabinti zake. Wawili walimtenda vibaya. Wana wa kiume nao hutenda vibaya. Jambo hilo si la jinsia. Lear alikosea kipimo, na sisi twakosea kipimo. Yeye alipima kwa ulimi; sisi twapima kwa kuzaliwa. Na kila kipimo cha uongo mwisho wake ni mmoja: yule aliyenyimwa ndiye anayerudi kutuuguza. Katika mihtasari yetu tumeandika mara nyingi habari ya wazee waliogawa kila kitu, na mara nyingi aliyekuwa akileta uji asubuhi ni binti asiye na hata mgomba mmoja wa kwake. Cordelia yuko hapa. Hatukuhitaji kumwagiza kutoka ng'ambo.

Kwa walimu tunaomba jambo moja. Mnapowapa wanafunzi kazi ya kuigiza tamthilia ya kigeni katika mazingira yetu, msiridhike kwa kuona mfalme amevaa lubega na kasri limekuwa nyumba ya migomba. Waulizeni: katika kuihamisha hadithi hii, nani amepotea njiani? Na kwa nini hatukuona pengo lake? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa ukweli atakuwa amelipa deni lake kwa Shakespeare, na kwa Kurosawa pia, na atakuwa hadaiwi tena na mtu.

Ama sisi, bado tulikuwa na deni letu wenyewe. Tulipoulizwa na yule mwalimu rafiki yetu kwa nini tangu mwanzo hatukuandika mabinti, tulijibu kama washairi wajibuvyo siku zote: mizani haikuruhusu. Usiku ule tuliwasha taa, tukafungua daftari, tukahesabu. Wa-na-we: mizani tatu. Ma-bi-nti: mizani tatu. Shairi halikuwa na kizuizi hata kidogo. Tukafuta neno moja, tukaandika juu yake jingine:

Mzee wa mlimani
alikaa migombani
na watatu wa nyumbani
mabinti aliwalea.

Beti zilizofuata zote ziliharibika. Mzee aliyekuwa akizungumza kwa urahisi sasa alisitasita; majirani wakaanza kumnong'ona; ukoo ukaitisha kikao. Kisa kikawa kigumu, na kwa mara ya kwanza kikawa chetu. Twaendelea kukiandika.